Kidole cha Philbert

Katuni za Kijapani ziliingia kijijini Kasulo ndani ya simu ya Philbert, mtoto wa dada yake Anjelika, aliyekuja likizo kutoka chuoni. Zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kila moja ina maiti, watu waliotoa macho, na mpelelezi ambaye mwishoni hunyoosha kidole. Kila jioni Philbert alimsomea mama yake mdogo kwa Kiswahili, naye Anjelika alizipenda, tusidanganyane. Aliacha maharage yaungue ili asikie muuaji ni nani.

Sasa zilimtia kichefuchefu.

Jana yake Mzee Leonidasi, jirani, alikuwa amekunywa rubisi, pombe ya ndizi, hapo kwa Anjelika, akafika nyumbani kwake akatapika. Mzee huyo hula nyama iliyochacha bila kujali, wote wanajua, na asubuhi aliamka akanywa uji wake vizuri tu. Lakini Philbert alikusanya majirani uani, akawa anatembea mbele yao mikono nyuma, jicho moja amelibana, anaona raha. Raha hiyo ndiyo iliyomchefua Anjelika kuliko maneno yenyewe.

"Desturi yetu, anayekaribisha huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu," alisema Philbert. "Jana nani alileta kibuyu? Na je, alionja?"

Kidole kikanyooka hadi kwa Mukeshimana, mkwe wa Anjelika, mke wa mwanawe Thobias.

"Ni kweri, hakuonja," alisema jirani yao Rwekaza.

Huku kwetu mwanamke akishaitwa mtia sumu, ndiyo basi tena. Hata maji yake hayapokelewi. Mukeshimana alikuwa ameketi, mikono magotini.

"Ameokoka, hagusi pombe," alisema Anjelika. "Nilimwonjea mimi, jikoni. Ungeniuliza, mpumbavu wewe."

"Mama mdogo, ushahidi wa ndugu hautoshi," Philbert alijibu kwa upole wa kuudhi.

Anjelika akaingia ndani, akatoka na kibuyu kilekile, akapiga mafunda makubwa mbele yao mpaka kifua kikalowa. Philbert alimkodolea macho. Hakuwa na aibu wala wasiwasi. Alikuwa anangoja aone kama ataanguka. Kinyaa kikampanda Anjelika. Mtoto huyu, ni yeye Anjelika aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga.

Hakuanguka. Akampelekea mwanawe kibuyu.

"Thobias, kunywa, tumalize upuuzi huu."

Thobias alikipokea. Akamtazama mke wake, akautazama mdomo wa kibuyu, akamtazama tena mke wake. Kisha akakiweka chini taratibu, akasema tumbo halijakaa sawa.

Hapo Mukeshimana akasimama. Yeye aliyeapa kanisani kwamba pombe basi, alikiokota kibuyu, akanywa bila kupumua, macho yakiwa kwa mumewe tu. Kisha akakishusha.

Rwekaza ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini:

"Kumbe anakunywa. Basi jana mbona hakuonja?"

Philbert alitikisa kichwa kukubali, akatabasamu.