Siku Isiyo ya Soko

Vumbi lilikuwa lao. Kila asubuhi, pikapu ya Hamse ilipoacha lami na kushika njia ya ng'ombe, vumbi liliinuka nyuma ya magurudumu, likapanda, likatanda, likafunga mlango. Waithera aligeuka kitini akautazama mlango huo ukifungwa. Nyuma yake ilibaki Kitengela na maduka yake, mtaa wao wa Noonkopir na madirisha yake, kanisa, msikiti, na midomo ya watu. Mbele hapakuwa na mtu aliyewajua.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: ndivyo wasemavyo. Waliosema hivyo hawakupita Kajiado wakati wa kiangazi. Mwaka ule wa elfu mbili kila mtu alikohoa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu. Nyasi zilikwisha, mizizi ya nyasi ikafuata. Ng'ombe walikufa kwanza, wakaanguka baadaye. Na katika nchi iliyokauka hivyo, watu wawili walikwenda kutembea kwa raha, na chupa ya chai, na kitabu. Msiwacheke. Walikuwa na wiki moja tu.

Waithera alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na mitatu, likizo ya Agosti mikononi. Hamse alikuwa dalali wa mifugo, mdogo wake kwa miaka minne, mzaliwa wa Garissa, aliyeletwa Kitengela akiwa mtoto na Elmi, ndugu wa marehemu baba yake. Alimwita Adeer, baba mdogo, na katika jina hilo ulikuwemo ubwabwa wote aliolishwa na viatu vyote alivyovishwa.

Jumapili, baada ya ibada, Waithera alimwambia mama yake. Alisema jina la Hamse, alisema dini yake, alisema kwamba anampenda na anataka kuolewa naye. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua. Alitupa mawe upande huu, maharagwe upande ule, na tangu saa ile hakumsemesha bintiye neno.

"Upande wangu nimemaliza," Waithera alimwambia Hamse.

"Nipe wiki, Mwalimu. Jumamosi namwambia Adeer."

Ahadi ni deni. Wakaikopa wiki hiyo, siku kwa siku, asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Njia zao alizipanga Hamse, na alizipanga kidalali. Soko la mifugo huzunguka: leo liko hapa, kesho liko kule, na dalali huibeba ratiba hiyo kichwani jinsi mwalimu anavyobeba jedwali la kuzidisha. Hamse aliigeuza juu chini. Kila mahali walikwenda siku isiyo ya soko, siku ambayo mazizi yako wazi, milango imelegea, na ndege wanachakura samadi peke yao. Ujuzi aliofundishwa na Adeer wa kuwapata watu, aliutumia kuwakwepa. Waithera aliliona hilo tangu siku ya kwanza, likamchoma kidogo, akalinyamazia.

Jumatatu, Kajiado. Hamse alimnunulia shuka jekundu dukani, wakaketi kando ya mto usio na maji. Jumanne, nyuma ya Isinya, chini ya mgunga mmoja wenye kivuli cha watu wawili na nusu. Hapo ndipo kitabu kilipowashika. Kilitoka stoo ya shule, hakina jalada, hakina jina, kinanuka panya. Kilimhusu mwanamke aliyefungua hoteli ya chai kando ya reli, kwa sababu mtu mmoja alimwambia atashuka hapo siku moja. Waithera alisoma kwa sauti, polepole, kwa sauti yake ya darasani iliyolainika. Hamse aliacha shule katika darasa la sita, na alisikiliza kwa mwili mzima.

"Atashuka?" aliuliza kila sura ilipoisha.

Akamwomba aangalie mwisho. Waithera akakataa. Alikuwa mtu wa kula nyama mwisho, baada ya ugali wote kwisha, na vitabu alivisoma vivyo hivyo.

Na chini ya shuka, Hamse alimfundisha kusema kwa vidole. Desturi hiyo walikuja nayo watu wake kutoka kaskazini: mnunuzi na dalali hufunika mikono kwa nguo, na bei husemwa kwa kufinyana. Kidole kimoja ni mia, viwili ni mia mbili, kiganja kizima ni mia tano. Soko zima linatazama na soko zima halioni. Wao waliitumia kwa kurasa. Kila walipofunga kitabu, mkono ulitafuta mkono chini ya shuka, ukafinya pale walipokomea, na kesho yake ukafinya tena kukumbushana. Waithera hakuwahi kushikwa mkono namna ile, kama kitu chenye thamani ambacho bei yake haitangazwi.

Jioni, kabla ya taa za Kitengela, pikapu ilisimama. Waithera alishuka, akakung'uta shuka, akakung'uta viatu, akakung'uta nywele. Vumbi lilibaki kando ya barabara, naye akaingia Noonkopir kwa miguu, safi, kama mtu aliyetoka dukani. Mama aliangalia viatu tu.

Jumatano walifika chini ya vilima vya Maparasha, na huko mtu aliwakuta. Alikuwa mama wa makamo, Naserian, na mbuzi saba waliokonda hadi mbavu zikahesabika. Alisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," na Waithera akaitikia, "Iko," maana ukiishi Kitengela utalijua hilo. Wakampa chai. Mbuzi mmoja, mwenye pembe moja iliyovunjika, alinyoosha shingo akang'ata pembe ya kitabu, na Naserian akampiga kofi la pua. Njaa, alisema. Wanakula hata maboksi sasa. Kisha akamtazama Hamse, akamtazama Waithera.

"Huyu ni bwana yako?"

Upepo ukapita. Waithera alingoja, na Hamse hakukataa. Alitabasamu akiangalia ardhi.

"Ni bwana yangu, yeyo," Waithera akasema, akimwita mama kwa lugha yake, na neno hilo la bwana likakaa juani mbele ya watu watatu na mbuzi saba, halikuyeyuka. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Naiandika hapa ili mjue kwamba ilikuwepo.

Alhamisi, chini ya mgunga mwingine, waliongea habari za Entarara. Mbali, kule Loitokitok, mbali mno kwa safari ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana waliipenda. Entarara kuna mifereji ya maji ya mlimani, alisema Hamse, kuna vitunguu na nyanya. Tutakodi shamba, utafundisha, mimi nitapeleka nyanya sokoni. Entarara. Aliitamka taratibu, na Waithera akafumba macho akasikia maji yakipita.

Kisha Waithera akamwomba Hamse afanye mazoezi ya kumwambia Adeer. Mgunga ule uwe Adeer. Mambo ya dini walikuwa wamekwisha kuyazungumza. Dini ina vitabu vyake na watu wa kuulizwa. Kilichobaki kilikuwa sentensi moja, kuambiwa mzee mmoja. Hamse alisimama mbele ya mti, akafuta mikono kwenye suruali. Adeer, alisema, kuna mwalimu mmoja. Akakohoa. Adeer, kuna. Akacheka. Akaanza mara ya tatu, na mara ya tatu hakucheka.

Elmi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mtu mbaya unaweza kumkimbia.

Waithera alijua tangu Alhamisi hiyo kwamba sentensi ile haitasemwa. Tusijidanganye. Moyo wake ulianguka chini ya mti ule, akauokota, akaukung'uta vumbi, akafungua kitabu akasoma. Alisoma vizuri sana. Walipokifunga ilikuwa imebaki sura moja tu.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Bisil. Siku ya soko la Bisil imepita, alisema Hamse, leo hata mbwa hatutamkuta. Tutasoma sura ya mwisho kwenye kivuli cha mazizi, na kesho namwambia Adeer. Waithera alikuwa na kitabu ndani ya kiondo, shuka mabegani, na tumaini dogo ambalo hakuliamini lakini hakulitupa.

Mazizi ya Bisil yalikuwa yamejaa. Malori, mbuzi, ng'ombe waliolala wasioweza kuinuka, fimbo, kelele, watu mamia kwa mamia. Mifugo ilikuwa ikifa kabla ya siku yake ya soko kufika, kwa hiyo tangu Jumanne wenye mifugo waliamua kuuza kila siku. Kiangazi kilikuwa kimevunja ratiba. Kila dalali kutoka Kitengela hadi Namanga alijua. Mmoja tu hakujua, kwa kuwa wiki nzima alikuwa chini ya mgunga akisomewa kitabu.

Kabla pikapu haijageuka, mkono uligonga boneti. Mkono wa mzee, safi, wenye pete ya fedha. Elmi alikuwa na kofia nyeupe na ndevu za hina, na furaha ya kumwona mtoto wake ilimjaa usoni. Walishuka. Elmi aliuliza jambo kwa Kisomali, akielekeza kidevu kwa Waithera kwa adabu. Waithera hakujua lugha hiyo, lakini swali lile analijua kila mwanamke.

Hamse alijibu kwa Kiswahili. Alijibu kwa Kiswahili ili Waithera asikie, ili amsaidie.

"Ni mteja, Adeer. Anatafuta mbuzi."

Palikuwa na nafasi. Haikuwa ndefu, lakini ilitosha neno moja kupita. Waithera aliitazama nafasi hiyo, akamtazama Hamse, jasho likimtoka juu ya mdomo, akaona kwamba neno hilo akilisema yeye litakuwa lake tena. La kwake alikwisha kulisema, mbele ya bakuli la maharagwe.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Nataka mbuzi."

Elmi, kwa wema wake, hakukubali mama mgeni ahangaike peke yake. Aliwaongoza wote wawili katikati ya mifugo, akipapasa migongo, akifungua midomo, akikataa huyu na yule. Akasimama mbele ya mbuzi mwenye pembe moja iliyovunjika. Nyuma ya mbuzi alisimama Naserian.

Naserian aliwatazama. Alimtazama mwanamume, akamtazama mwanamke, akamtazama mzee wa ndevu nyekundu. Alishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili.

Elmi akamwambia Hamse amsaidie mteja wake kupatana. Hapo Waithera alifanya jambo ambalo hata leo hajui lilitoka wapi. Chini ya shuka jekundu aliunyoosha mkono wake, kiganja wazi, kuelekea kwa dalali, jinsi mnunuzi anavyofanya. Alijua kwamba mbele ya mzee yule mwanamume hatashika mkono wa mwanamke. Alijua, na bado akaunyoosha. Nguo ikainuka kidogo, ikangoja.

Hamse aliiona. Vidole vyake vilijikunja, vikaingia mfukoni.

"Mama atasema bei mwenyewe," alisema, "kwa mdomo."

Waithera akaisema, kwa mdomo. Elmi akamwombea punguzo kwa Naserian, akambariki, akamtakia mbuzi azae mapacha. Kisha akasema kwamba nyuma ya Maparasha kuna ng'ombe wa kwenda kuangaliwa, na kwa kuwa Hamse ameleta gari, waende. Alipanda mbele. Alikaa kwenye kiti cha Waithera, akakisogeza nyuma, maana miguu yake ilikuwa mirefu. Hamse alishika usukani akaangalia mbele, na mbele tu.

Pikapu iliacha lami ikashika njia ya ng'ombe, njia ile ile ya Jumatano. Vumbi liliinuka nyuma ya magurudumu, likapanda, likatanda, likafunga mlango. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo Waithera aliuona mlango ule kutoka nje.

"Jumatano alikuwa bwana yako," alisema Naserian, akimkabidhi kamba.

"Jumatano haikuwa siku ya soko, yeyo."

Aliketi kando ya barabara kungoja lori. Mbuzi alisimama karibu naye akitetemeka kwa njaa, akaingiza kichwa ndani ya kiondo, akatoka na kitabu. Safari hii hakuna aliyempiga kofi la pua. Waithera alikichukua, akafungua sura ya mwisho, ile ambayo aliiweka akiba kwa siku nne kama nyama pembeni mwa sahani. Hakuangalia maneno. Alichana ukurasa mmoja, akampa. Akachana mwingine. Mbuzi alitafuna kwa makini, macho yamefumbwa nusu. Huko ndani treni ilifika au haikufika, mtu alishuka au hakushuka, chai ilipoa au ilinywewa. Ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa na mistari minne tu. Alijua kwa kuona weupe mwingi. Akautoa nao.

Alilia hapo, waziwazi, mchana, mbele ya malori. Hakuna aliyeuliza. Watu wengi walilia Bisil mwezi huo.

Lori la Musila, Mkamba mpole asiye na maswali, lilimshusha Kitengela jua likiwa bado juu. Alipita pale mahali pao pa kusimama, pa kukung'uta shuka, pa kukung'uta viatu, na hakusimama. Aliingia Noonkopir akivuta mbuzi, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, na madirisha yote yakamtazama.

Mama alikuwa mlangoni. Aliangalia viatu. Aliangalia shuka. Akaangalia uso wa bintiye kwa muda mrefu, na ukimya wa siku tano ukakatika.

"Na mbuzi huyu?"

"Nimenunua."

Mama hakuuliza kwa nani. Alikwenda ndani, akatoka na maji kidogo kwenye karai, maji ya kuhesabu mwaka ule, akamwekea mbuzi. Akatoka tena na mengine, akayaweka miguuni mwa Waithera ili anawe.

Waithera aliyatazama maji hayo hadi jua likazama, hakuyagusa. Vumbi lilikuwa lake.