Pisha, Babu!

Mzee Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alibandikwa na chama cha waendesha baiskeli kwa sababu mbili: kazi yake, na wembamba wake uliokataa kuongezeka hata angelishwa namna gani. Jezi zote za chama alizishona yeye, zenye mifuko mgongoni, na ole wake aliyetia humo ndizi iliyoiva kupita kiasi halafu akairudisha jezi kwake kurekebishwa. Kwa umri alikuwa mkubwa wao wote, na tuseme ukweli, alikuwa na kiburi cha miguu. Umwambie suruali aliyokushonea inakubana, atakujibu upunguze tumbo. Lakini umpite barabarani bila kumwomba radhi, hapo umejitafutia balaa.

Kila Jumapili asubuhi chama kilishuka bondeni na kufuata barabara ya lami kando ya mto, mto ukiwa kulia kwao, hadi kwenye daraja. Lilikuwa bonde la vita, ingawa ungelipita leo usingedhani. Mahandaki yalikuwa yamesawazishwa kuwa matuta ya kabichi. Ngome ya zege ambamo Mzee Sindano alikaa na bunduki ujana wake ilikuwa ghala la vitunguu, na mlangoni kuku walinywea maji kwenye kofia ya chuma. Kwenye kila kona mzee alikuwa na habari yake ya kusimulia, na wenzake walikuwa wamezisikia hadi wakawa wanammalizia sentensi.

Wakifika darajani waligeuza. Wengine wangependa kuvuka, maana ng'ambo barabara ilikuwa laini na miteremko mitamu, lakini Mzee Sindano havuki, na chama hakimwachi mtu wake. Mdogo wake alibaki kwenye yale maji siku kikosi chao kiliporudi nyuma chini ya risasi kutoka ng'ambo. Tangu siku hiyo mzee hakuwahi kukanyaga upande ule.

Watu walidhani ni hasira. Hasira ilikuwepo, ndiyo, lakini iliyomshika zaidi ilikuwa hofu, na hiyo hakumwambia mtu. Aliogopa atavuka akute watu wanaanika nguo na kukaripia watoto, watu wa kawaida tu, halafu akose wa kumkasirikia.

Mambo yangeendelea hivyo hadi kaburini kama binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, asingempenda daktari wa mifugo wa ng'ambo. Harusi ilifanyika upande huu, mzee akacheza hadi viatu vikapasuka. Sasa binti alikuwa amejifungua, mtoto wa kike, na mzee akatuma salamu kwamba aletwe darajani amwone.

"Mwambieni Baba," binti akajibu, "mjukuu si kifurushi cha kupokelewa njiani. Akimtaka, aje nyumbani kwangu."

Kwa ukaidi, binti alikuwa amemrithi baba yake bila kupunguziwa hata chembe. Wiki zikapita. Mke wa mzee alivuka alivyotaka na kurudi na habari: mtoto ameanza kucheka, mtoto amepata mafua, mtoto ameshiba hadi ametapika begani kwa bibi yake. Mzee alisikiliza huku akijifanya anatunga uzi. Usiku alilala akitazama ukuta. Alimtaka mtoto yule mpaka kifua kikauma, na hakujua atapita wapi kumfikia bila kupita darajani.

Basi Jumapili moja mkewe akaaga mapema, anakwenda kwa binti kama kawaida yake, na mzee akashuka bondeni na chama. Mwanawe wa kwanza, kinyozi, ndiye aliyekuwa nahodha. Walikuwa wamekaribia daraja, kinyozi ameshainua mkono kuashiria wageuze, pale kengele ilipolia nyuma.

"Pisha, babu!"

Mzee Sindano akageuza shingo. Aliyekuwa akimpita alikuwa mzee mwenzake, ndevu nyeupe tupu, juu ya baiskeli nyeusi ya chuma yenye madebe mawili ya maziwa nyuma. Madebe! Na bado alikuwa anapita!

"Babu yako nani?" Mzee Sindano akafoka.

"Wewe! Au hapa kuna mwingine?"

Hapo akili ikaruka, miguu ikachukua madaraka. Waendesha baiskeli wana ujanja wao: wa mbele hukata upepo, wa nyuma hujibana karibu kabisa na tairi lake na kutunza nguvu. Lakini ukijibana hivyo huangalii nchi. Unatazama tairi tu, maana ukikosea kidogo mtalala chini wote wawili. Mzee Sindano alijibana. Aliona tairi, aliona tope lililokauka kwenye bango la gurudumu la nyuma, alisikia madebe yakigongana. Barabara ikanguruma chini yake kama pipa tupu, ikanyamaza tena, na yeye hana habari. Wanachama walibaki wamesimama vinywa wazi, na kinyozi akawazuia wasimwite babake. Hayo mzee aliyasikia baadaye.

Mbele kulikuwa na kibao cha shule. Mzee Sindano akachomoka, akasimama kwenye pedali, akampita mwenye maziwa kwa urefu wa gurudumu, akainua mikono yote miwili juu.

"Nani babu sasa?" akauliza akihema. "Nasema nani babu?"

Kisha akaona mto. Ulikuwa kushoto kwake.

Alifunga breki nusura apae juu ya usukani. Akatazama nyuma. Daraja lilikuwa kule, na yeye alikuwa huku. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika mashuka uani, anamgombeza mtoto aliyeyashika kwa mikono michafu. Mzee akashuka.

"Mimi havuki," akasema, hata maneno yakamtoka yamevurugika. "Sivuki."

"Umevuka, bwana," mwenye maziwa akasema, akijifuta jasho kwa upindo wa shati. "Na umenishinda. Ila mimi nina madebe."

"Nani kakutuma?"

"Mkeo. Aliniambia: mwite babu, halafu kimbia. Nikamuuliza, na nikishamfikisha? Akasema, hapo mwache."

Mzee Sindano alitaka kutukana, likamtoka cheko. Likaishia njiani. Akaonyesha ng'ambo, kwenye ghala la vitunguu. "Mimi nilikuwa pale. Vitani."

"Mimi hapa, nyuma ya shule." Mwenye maziwa akatikisa kichwa. "Ninyi ndio mliokuwa mnaunguza maharage kila siku? Harufu ile ilitutesa kuliko risasi zenu."

"Mpishi wetu alikuwa seremala."

"Ilijulikana!"

Walicheka wote wawili. Mzee Sindano akasema, bila kumtazama, "Mdogo wangu alibaki kwenye maji haya."

Mwenye maziwa aliweka baiskeli kwenye stendi.

"Pole," akasema. "Pole sana, ndugu yangu."

Lilikuwa neno dogo, na miaka yote ile mzee hakujua kuwa alilisubiri kutoka upande huu. Alilia pale pale kwenye kibao cha shule, akiwa na jezi ya chama. Mwenye maziwa akajishughulisha na mifuniko ya madebe hadi mwenzake alipomaliza.

Daraja lilikuwa karibu. Angeweza kugeuza, akawaambia wenzake breki zilikataa, na wangemwamini au kujifanya wamemwamini. Alilitazama. Kisha akauliza, "Kwa mwalimu ni wapi?"

Binti alikuwa mlangoni na mtoto begani. Alipomwona baba yake anasukuma baiskeli kuingia uani, aliziba mdomo kwa mkono.

"Shikamoo, Baba," akasema alipoweza. "Umepotea njia?"

"Marahaba. Sikupotea. Nilikuwa kwenye mashindano. Lete mtoto."

Mkewe, aliyekuwa dirishani, alijificha upesi nyuma ya pazia. Mzee alimpokea mjukuu kwa mikono iliyozoea kushika vitambaa laini, akamgeuza waangalie mto pamoja.

"Babu yako mdogo," akamwambia, "alikuwa mchekeshaji balaa. Alijua kuigiza kila mwalimu wa shule yetu. Mkuu wa shule alikuwa anakohoa hivi."

Akakohoa, kwa madaha, huku amebetua tumbo asilokuwa nalo. Mtoto akamkodolea macho, kisha akacheka hadi fizi zote zikaonekana.

"Baba," binti akasema polepole, "hukuwahi kutuambia kwamba Baba Mdogo alikuwa anachekesha."

"Sikuwahi," mzee akasema. "Ngoja nikuonyeshe mwalimu wa hesabu."