Sindano ya Sita

Siku ya pili baada ya upasuaji, saa tisa alasiri, fundi cherehani alimeza vidonge viwili vya maumivu kwa maji ya vuguvugu, kisha akanyoosha miguu achomwe sindano. Hakuona tabu. Kazini alijidunga vidole kila wiki. Mshono ulio chini ya kitovu ndio uliomtoa jasho, maana vidonge peke yake vilipunguza nusu tu.

"Hizi haziondoi vidonge," alisema Bi Sindano, mtaalamu wa tiba ya sindano kavu za Kichina, aliyezunguka wodi ya kina mama na kisanduku cha bati. "Zinasaidiana. Ukiacha vidonge, nakusemea kwa daktari."

"Siachi, dada."

Mumewe, fundi milango, alikaa pembeni na mfuko wa machungwa. Uvimbe uliotolewa ndio uliowanyima mtoto miaka saba, na tangu afike alikuwa akimchekea kila mtu, hata mfagizi.

Sindano ya kwanza iliingia mkononi, karibu na kidole gumba. Maumivu yakashuka. Ya tano ilikwenda chini ya goti, naye akavuta pumzi ndefu kwa mara ya kwanza. Ya sita, juu kidogo ya kifundo cha mguu, ikazungumza.

Ilianza na sauti ya muuguzi akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nyembamba lakini safi: "Baba, daktari anauliza, tufunge?"

Ikafuata sauti ya mume: "Fungeni tu, jamani. Mtamwacha wazi mpaka lini?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipunguza redio apate kusikia vizuri. Bi Sindano aliizungusha sindano kidogo. "Nyingine hutoa maneno yaliyobaki mwilini," alisema. "Hazina madhara."

Sasa ilikuwa sauti ya daktari: "Mume kakubali. Leteni uzi, tufunge mirija yote miwili."

Fundi milango alisimama. "Mimi nilijua kidonda," alisema. "Mke wangu, haki ya Mungu, nilijua wanafunga kidonda!"

Mkewe aliitazama sindano iliyosimama mguuni. Miaka saba, na neno moja la mlangoni, tena hata si lake! Akaomba daktari aitwe.

Daktari aliitwa. Alisikiliza sindano ikirudia yote, akakubali kwamba sauti ni yake, akafunua faili.

"Kizazi kilivuja damu sana, tukaona upumzike. Imeandikwa hapa: mume ameridhia."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa umelala."

Alieleza kwamba mirija ikishafungwa namna ile hairudi. Kisha akaenda kitanda kinachofuata.

Bi Sindano alichomoa sindano zake. Ile ya sita aliitia kwenye chupa ya spiriti, ikaendelea kunong'ona humo, naye akasema wakutane kesho wakati ule ule. Mume alikuwa akimenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba.

Muuguzi wa zamu alifika na kalamu.

"Maumivu, moja hadi kumi?"

"Wapi?"

"Kwenye mshono."

Fundi cherehani aliugusa mshono. "Mbili."

"Hongera, mama," alisema muuguzi, akaandika mbili.