Banio la Wanawake

Mvua ya kimbunga iliipiga Kibosho siku tatu mfululizo. Ilipokatika, mto ulikuwa umezoa banio lote, ule ukuta wa kugeuzia maji, mawe kwa magogo, na mfongo, mfereji ulionywesha migomba na kahawa tangu enzi za mababu, ukabaki mtaro wa matope. Kisha likaja jua la mwezi mzima.

Julius akaenda kwa Dominika, mjane wa kaka yake, akasimama kati ya migomba iliyonyauka.

"Shemeji, kama maji hayajarudi hadi Jumatano ya Majivu, uza ng'ombe uende kwa mwanao Gladys, Moshi mjini. Kihamba hiki, shamba la ukoo, nitakiangalia mimi."

"Utakiangalia au utakimeza?"

"Utalima vumbi?"

Siku zilibaki kumi na mbili. Msaragambo, ile kazi ya pamoja, ulikuwa umeitishwa mara tatu na wanaume hawakutokea. Wengine walikuwa Dar, wengine walikuwa kilabuni wanakunywa mbege wakimsubiri injinia wa serikali. Dominika akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuita wanawake.

"Lakini banio ni mwiko kwetu," alisema jirani yake Elisifa. "Mwanamke hafiki pale."

"Huo mwiko umemkatia ng'ombe wako majani leo?"

Elisifa akacheka, akachukua jembe.

Jumamosi asubuhi walipanda thelathini na mmoja, vigogo vya migomba vichwani. Kwenye mto walimkuta Melkior, mzee wa mfongo, amesimama na fimbo katikati ya njia.

"Shikamoo, babu," alisema Dominika.

"Shikamoo yenu kaeni nayo! Rudini. Mwanamke akigusa banio, mfongo unakauka."

"Umeshakauka, babu."

"Tena ulikauka sisi tukiwa jikoni!" Elisifa alidakia kwa nyuma, na kicheko kikapasuka bonde zima.

Dominika akamzunguka mzee, akaingia mtoni hadi magotini. Maji yalikuwa baridi ya kung'ata mifupa. Melkior akaketi juu ya mwamba, amenuna, akisubiri kuwaona wakishindwa.

Na walishindwa. Ukuta wa kwanza ulichukuliwa na mto kabla hawajafuta jasho. Wa pili ukabomokea mikononi mwao. Walipoanza wa tatu, mzee alishindwa kuvumilia. Aliinuka kama aliyekaa juu ya siafu.

"Mnajenga au mnapanga vyungu? Jiwe kubwa liegemee mto! Liegemee! Vigogo nyuma yake, kisha majani, kisha udongo!"

Akatupa fimbo, akaingia majini, akanyoosha mikono ampokonye Dominika jiwe. Dominika hakuliachia.

"Tupe mdomo, babu. Mikono tunayo."

Walitazamana, jiwe kati yao.  Kisha mzee akarudi kwenye mwamba wake, akaelekeza hadi saa saba, sauti ikamkauka.

Maji yaligeuka taratibu, yakaonja mtaro, yakaanza kukimbia. Dominika akakimbia nayo, matope hadi mapajani, jembe begani. Lakini alipofika karibu na kwake, maji yakakatika. Alipogeuka, juu kidogo alimwona Julius ameinama na koleo, viatu vyake safi, anayageuzia maji kihambani kwake.

 Dominika akakata gogo la mgomba, akaziba nalo tundu la Julius, akalikandika udongo kwa kisigino.

"Shemeji!"

"Ambaye hakuja msaragambo anapata maji mwisho. Sheria ya mfongo hiyo, na mliitunga ninyi wanaume."

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo!"

"Basi uko wa thelathini na mbili. Subiri."

Nyuma ya Dominika maji yalikuwa yanaingia kihambani kwake, yanazunguka shina moja la mgomba, kisha la pili.

"Na Jumatano ya Majivu upite unisalimie," alisema, akiweka jembe begani. "Utanikuta."