Kadi ya Nyumba ya Chai ya Margilan

Kadi yenyewe haikuzidi kiganja, lakini Jumapili ile iliwatoa watu wa mtaa mzima nje, wengine na kandambili. Gavhar alisimama darajani akichemka kwa hasira. Kazi yake ilikuwa kung'oa meno. Maradhi yake, kukusanya kadi za posta za zamani. Na sasa kadi moja, tena si yake, ilikuwa inataka kumng'oa shangazi yake Sanobar. Vigingi vyekundu vilikuwa vimeshapigwa uani kwake, kando ya tanuri la mikate.

Wazee wa mtaa walitaka kuijenga upya nyumba ya chai iliyoungua zamani, kabla hajazaliwa yeyote kati yao. Walikubaliana irudi palepale ilipokuwa. Ila palepale ni wapi? Ukisimama darajani ukatazama milima, kulia ni kwa Sanobar, kushoto ni shamba la makomamanga la Sunnatilla, mshindani mkubwa wa Gavhar katika soko la vitu vya kale. Walibishana mpaka Sunnatilla akaibuka na kadi: picha iliyopigwa kutoka darajani, milima mbele, nyumba ya chai mkono wa kulia. Chini yake maandishi safi: Nyumba ya chai, Margilan. Ubishi ukaisha.

"Utajengewa tanuri jingine, dada Sanobar," alisema mwenyekiti wa mtaa, Abduvohid, kwa aibu.

"Kwani tanuri ni godoro, nilikunje nihame nalo?" Sanobar alifoka. "Hili kaliacha mama mkwe wangu. Mnalibomoa ili mpate pa kunywea chai na kusengenya watu!"

"Picha haisemi uongo, shangazi," Sunnatilla alisema, kadi imelala kifuani mwake ndani ya mfuko wa plastiki. "Huyu daktari angeipata yeye, angeificha."

"Hebu nione tena, kaka," Gavhar alisema.

"Kwa macho. Vidole vyako vina jasho."

Gavhar alitoa kioo chake cha kukuzia. Alikwisha kuitazama kadi ile mpaka macho yakamuuma: milima, mto, wazee wamekaa kunywa chai kwenye vitanda vya mbao vilivyowekwa juu ya maji, mmoja amesimama akisalimia, mkono kifuani. Hakuona kipya.

Hapo fundi mkuu wa ujenzi akafika. Sunnatilla aliinama kidogo, akaweka mkono kifuani, akamwamkia. Gavhar aliutazama mkono ule. Akaitazama kadi. Moyo ukamruka.

"Shangazi! Leta kioo chako cha ukutani! Haraka!"

"Kioo? Unataka kujipodoa saa hizi?"

"Leta tu, nakuomba! Na nyinyi wazee wangu, nisalimieni. Wote!"

Walidhani kachanganyikiwa, lakini salamu hainyimwi mtu. Mikono ikapanda vifuani, yote ya kulia.

"Sasa mtazameni babu huyu kwenye kadi. Mkono gani?"

Abduvohid aliinama. "Wa kushoto," alisema polepole. "Labda ndivyo alivyozaliwa."

"Na huyu anayempa mwenzake bakuli la chai? Na huyu anayemega mkate? Babu zetu wote walikuwa wakipeana chai kwa mkono wa kushoto?"

"Astaghfirullah!" mzee mmoja alipaza sauti. "Marehemu baba angenivunja huo mkono!"

Gavhar alicheka. Mchapaji wa kadi, huko mbali alikokaa, alikigeuza nyuma mbele kile kioo kilichobeba picha, maana zamani picha zilipigwa kwenye kioo, kisha akapanga maandishi yake sawasawa. Hakuwahi kuiona Margilan. Chai itolewe kwa mkono upi, ajulie wapi?

Sanobar alifika mbio na kioo. Kadi ikawekwa mbele ya kioo hicho. Ndani ya kioo babu alisalimia kwa mkono wa kulia kama mtu mwenye adabu zake, na nyumba ya chai ilikuwa upande wa kushoto. Kelele zikalipuka darajani. Sanobar alimkumbatia Gavhar, kisha akampiga mgongoni kwa furaha, kisha akalia.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mtu alinong'ona.

Fundi aling'oa vigingi na kuvuka navyo kuelekea kwenye makomamanga. Furaha ya Gavhar ikaingiwa na huruma. Sunnatilla alikuwa ameiinamia kadi yake.

"Kaka, pole," alimwambia. "Sikukusudia shamba lako."

Sunnatilla alisogea karibu. "Gavhar, niambie kweli. Katika kadi zote ulizowahi kuona, kuna nyingine iliyogeuzwa hivi?"

"Hata moja."

"Hata mji mkuu, Tashkent?"

"Hata huko."

Uso wake ukawaka: kwa mkusanyaji, kadi yenye kosa lisilo na mfano ni dhahabu. Ng'ambo ya mto nyundo iligonga kigingi cha kwanza, na mkewe akaanza kuliita jina lake kwa sauti kali, lakini yeye alikuwa anaifuta kadi kwa mkono wa joho.

"Usimwambie mtu," alisema.