Wegesa Mrudisha Maneno

Tangu wahamishiwe kijiji kipya karibu na Matongo, Felista hakutulia. Kule milimani mji wa mtu ulikuwa mbali na mji wa mwenzake. Huku nyumba zimepangwa mstari, jirani akipiga chafya unamwombea afya, na kila apitaye alimsikia mtoto wa Felista.

Wegesa alikuwa wa miaka mitano, na kila alichoambiwa alikirudisha kilivyo. "Hujambo, Wegesa?" "Hujambo, Wegesa?" Ukimuuliza unaumwa wapi, naye anakuuliza unaumwa wapi, machozi yanamtiririka. Wengine walicheka, wengine wakanong'ona amerogwa. Midomo ya watu haina mlango, bwana!

Mama Machage, mama mkwe wa Felista, hakucheka. "Kulima kukiisha nampeleka Issenye kwa dada yangu," alisema. "Yuko mganga huko. Atakaa mpaka ulimi ufunguke."

Machage, mumewe Felista, akainama kama kuku aliyenyeshewa. Mwanaume mzima! Basi Felista akajua hana mtetezi. Mtoto asipopata neno lake mwenyewe kabla ya plau kupumzishwa, anachukuliwa.

Akaanza kwa pupa. "Sema: nataka uji."

"Sema nataka uji."

"Usiseme 'sema'!"

"Usiseme sema!"

Felista akatupa mwiko, akatoka nje, akarudi, akauokota, akalia.

Siku ya zamu ya shamba la kijiji, Machage alikuwa anamzoeza maksai mpya. Hakumweleza kitu. Alimfunga nira moja na maksai mzee, akawaacha waende. Yule mpya aliyumba, akaburutwa, akakanyaga matuta, na jua lilipokuwa kali alikuwa anavuta. Felista akasimama, jembe mkononi. Loo! Kumbe muda wote huu nampigia mwanangu kelele, na sijamfunga na mtu!

Jioni akamwita wifi yake, Christina. "Leo wewe ndiye mama, mimi ndiye Wegesa. Na usinicheke."

Akaketi chini, bega kwa bega na mtoto. "Nataka uji," akasema. Christina akampa, naye Felista akanywa. Wegesa alitazama ukuta tu. Kesho yake wakafanya vilevile, na keshokutwa. Felista, mwanamke asiyeweza kungoja hata maji yachemke, sasa alinyamaza akangoja, vidole vya miguu vikichimba vumbi, roho juu juu.

"Wifi, utanenepa wewe na mtoto hajasema," Christina alimtania.

"Mimina!"

Siku moja, kabla Felista hajafungua mdomo, Wegesa alikitazama kibakuli akasema polepole: "Nataka uji." Felista alimmiminia kwa pupa, akamwaga nusu. Akakimbia kumwambia mama mkwe.

"Hata kasuku huomba chakula," alijibu Mama Machage. "Ng'ombe wamemaliza kulima. Kesho naondoka naye."

Asubuhi Mama Machage akafika, khanga safi begani. Nguo za mtoto zilikuwa zimefungwa furushi, Machage na Christina wamesimama uani. Felista aliingia ndani, akatoka, akaingia tena, hajui anatafuta nini. Angesemaje? Mwaka ule, jamani, nani alikataa kitu? Waliambiwa vunjeni nyumba zenu, wakavunja. Wakaambiwa pandeni lori, wakapanda. Na tangu lini mkamwana wa Kikurya akabishana na mama mkwe? Tangu aolewe Felista alijua kuitikia tu: ndiyo mama, sawa mama. Alijichukia kwa hilo asubuhi ile.

"Twende," Mama Machage alisema, akamshika Wegesa mkono.

Wote wakangoja alirudishe neno. Wegesa aliutazama ule mkono ulioshika wake. Akajinasua.

"Sitaki."

Christina akaziba mdomo. Mama Machage akamgeukia Felista, macho yamemtoka. "Nani kamfundisha huyu? Nani katika mji huu anasema hivyo?"

Hakuna. Ndilo lililompiga Felista kifuani. Hakuna mtu aliyewahi kulisema pale, mtoto angelirudisha kutoka kwa nani? Ni lake. Lake mwenyewe! Furaha na hofu vilimpanda pamoja.

"Nakuuliza wewe!"

Felista akamshika Wegesa bega.

"Sitaki, mama," akasema.

Kisha Machage, bila kumtazama mama yake, akaliinua furushi la mtoto, akalirudisha ndani.