Nguzo Iliyohamia Chaani

Asubuhi ile ya Jumatatu Mwanarusi alikuwa akipiga pasi sare za watoto, nyumbani kwao Chaani, nguzo ya zege ilipotokeza katikati ya sebule na kupanda hadi ikagusa dari. Ilikuwa ya duara, nene kiasi cha kukumbatiwa, na bado ilikuwa na unyevu. Mumewe, Ishaka, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini bandarini Kipevu, aliizunguka na kikombe chake cha chai.

"Si yenu hii?" akauliza.

Ilikuwa yao. Mwanarusi alikuwa msanifu majengo katika ofisi moja ya Changamwe, na nguzo ile aliichora mwenyewe kwa ajili ya zahanati mpya ya Jomvu Kuu, iliyokuwa ikifunguliwa siku hiyo hiyo, wodi ya wazazi ikiwa juu. Ramani alizitia kwenye diski, tarishi akavuka nayo feri hadi Likoni kwa mhandisi Wafula. Kompyuta ya Wafula ilitumia programu nyingine, na programu hiyo ilizitambua nguzo za mraba tu. Ya duara ilidondoka njiani na mashine haikulalamika. Mafundi walijenga kwa kufuata ramani za Wafula, na palipotakiwa nguzo pakawekwa benchi la wagonjwa.

Enzi za karatasi wawili hawa wangalikaa meza moja, wakaipitia ramani kwa kidole, nguzo kwa nguzo, wakibishana. Kompyuta zilipoingia, kikao hicho kikafa kifo cha kawaida, hakuna aliyekililia. Mwanarusi aliamini Wafula ameangalia. Wafula naye aliamini vivyo hivyo kumhusu Mwanarusi.

Mwanarusi aliweka sikio kwenye zege. Akasikia kandambili zikiburuzwa, kitanda cha chuma kikisukumwa, mwanamke akimwita mkunga. Wodi nzima ilikuwa imepata pa kuegemea, na pahali penyewe ni sebuleni kwake. Na mdogo wake, Mwanatabu, alikuwa na mimba pevu na kadi yake ya kliniki ilikuwa ya zahanati hiyo.

Alivuka hadi Likoni kumweleza Wafula.

"Madam, kwangu hesabu zimekaa sawa," Wafula alisema, akimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. Kweli, zilikuwa zimekaa sawa. "Nguzo yenyewe inabeba?"

"Inabeba."

"Basi iko kazini."

"Tukae basi na karatasi, tuangalie mradi unaofuata."

"Siku hizi nani anakalia karatasi, madam?"

Bosi wa Mwanarusi naye alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ramani zimeshapigwa mihuri, na kwamba kuchora nguzo za mraba hataki kusikia, hizo ni za magodauni. Ikabaki Mwanatabu. Mwanarusi alimwendea akamsihi akajifungulie kwengine, popote.

"Dada, si ndiwe ulochora wewe?" Mwanatabu akacheka. "Wallahi nshawambia watu wote. N'ende kwengine wanicheke?"

Mwanarusi akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo watoto walikatazwa kucheza mpira sebuleni. Chakula kilimshinda. Kila lori zito lilipopita barabarani alikimbia kuishika nguzo kwa mikono miwili, naye Ishaka akawa anamletea chai hapo hapo aliposimama.

Uchungu ulimshika Mwanatabu Alhamisi, baada ya adhuhuri. Dada zake wengine wote walikwenda zahanati na vikapu na kanga. Mwanarusi hakwenda. Aliikumbatia nguzo, akaweka shavu, akamsikia mdogo wake akilia na kumwita mama yao, marehemu. Ufa mwembamba ukaanza juu darini ukateremka mpaka usawa wa paji lake la uso. Akaukandamiza kwa kiganja, akisoma kila dua aliyoijua na kuzichanganya. Kisha ndani ya zege akasikia kichanga kikipiga kelele, na ufa ukasimama. Alilia pale pale mpaka nguzo ikalowa.

Juma lililofuata Wafula alikuja mwenyewe kuiona. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaupima ufa kwa rula yake, akanywa vikombe viwili vya chai.

"Zege nzuri," akasema. "Msihame."

"Na ile karatasi?"

"Nikipata nafasi, madam."

Nafasi haikupatikana. Jumatatu iliyofuata tarishi alivuka feri na diski nyingine, ya shule ya msingi ya Kisauni, nguzo za duara kama bosi alivyopenda. Jioni Mwanarusi alimweleza mumewe. Ishaka alitazama sebule, kisha chumba cha watoto.

"Ghorofa ngapi?"

"Tatu."

Ishaka akavaa viatu, akaenda kumwuliza jirani kama ana chumba cha kulaza watoto.